Onyesho la Karabai Mbili

Kila Desemba, siku ya onyesho la wanafunzi wangu wa taarabu, nilikuwa nikifika darasani Mji Mkongwe baada tu ya sala ya alfajiri, nikajifungia na ufunguo wa kulinganishia nyuzi. Ganuni yangu ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi ya samaki. Vuli ikinyesha, ngozi hulegea, daraja hudidimia na nyuzi zote hushuka nalo. Nikimaliza ganuni nahamia kwenye udi, kisha fidla nne. Watoto wakija alasiri wanakuta kila kitu tayari, kama wali uliokwisha kupakuliwa. Miaka kumi na moja nilifanya hivyo, nikijiona mwalimu mwenye huruma.

Mwaka 2009 umeme wa Unguja, unaotoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, ulikatika wiki moja na ushei kabla ya onyesho letu. Mwaka wa nyuma yake tulikuwa tumekwisha kukaa gizani takriban mwezi mzima, kwa hiyo hatukushtuka sana. Safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, na watoto wakawa wanakuja mazoezini wametoka kubeba madumu, viganja vimechubuka. Mzazi mmoja akatuletea jenereta. Lilinguruma dakika tano, likafa, na habari yake ikaishia hapo.

Siku ya onyesho tukawasha karabai mbili, moja huku na moja huku, karibu kabisa na wapigaji ili waone vidole vyao. Bashraf ya kufungulia ilikwenda vizuri. Tena ilipendeza, maana bila spika uliweza kusikia hata risha inavyougusa uzi. Lakini karabai ina joto kama jiko. Katikati ya wimbo wa pili, wa maqamu ya Bayati, ngozi iliyoelekea taa ilikauka ikakaza, na sauti za juu za ganuni zikapanda peke yao.

Mpigaji alikuwa kijana wa Kikwajuni, miaka kumi na sita, hodari kuliko wote niliopata kuwafundisha. Akasimamisha vidole, akanitazama. Nikampa ufunguo. Akaushika kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa wenyewe.

"Maalim, nianzie wapi?"

Ukumbi mzima ulisikia. Kijana aliyeweza kuipitia Bayati, Rasti na Hijazi akiwa usingizini hakujua ashike uzi upi kwanza, kwa sababu tangu siku ya kwanza nilikuwa nikimshikia mimi. Inasimuliwa kwamba ganuni ililetwa kwetu na Mohamed Ibrahim, aliyepelekwa na Sultan Barghash, yule aliyetawala 1870 hadi 1888, kwenda kujifunza Misri. Sidhani kama aliporudi palikuwa na mtu wa kumlinganishia nyuzi.

Nikapanda jukwaani. Mkono wangu ulikuwa umeshaufuata ufunguo pale mzee mmoja wa mstari wa mbele, mpiga fidla wa zamani, aliponiambia bila ukali: "Mwache mwenyewe, Maalim. Sisi hatuna pa kwenda, hata majumbani ni kiza." Watu wakacheka.

Basi nikasogeza taa mbali, nikachuchumaa ubavuni pake, nikampa sauti moja kwa udi. Akavuta uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka zote tatu zikasema neno moja. Akahamia sauti iliyofuata. Wenzake wa fidla nao wakaanza kuzitegea sikio fidla zao. Ilichukua dakika ishirini na tano na hakuna aliyeondoka. Mama mmoja aliinuka akaenda kumtunza kabla wimbo haujaanza, jambo ambalo sijaliona kabla ya siku ile wala baada yake.

Wimbo wenyewe, nisiseme uongo, haukuwa mzuri. Zilibaki nyuzi mbili tatu zenye inda, na kila akizifikia alikunja uso.

Tangu mwaka ule ufunguo hukaa kwa wanafunzi, na onyesho huanza kwa wao kulinganisha nyuzi mbele ya wageni. Baadhi ya wazazi hunilalamikia kwamba nawasikilizisha robo saa nzima ya kelele. Wananionea: huwa haizidi dakika kumi na mbili.