Zwickau, Mji wa Gari Lililosubiriwa

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Ujerumani, usiishie Berlin. Panda gari moshi uelekee kusini, katika jimbo la Saxony, hadi mji wa Zwickau ulio kando ya mto Mulde. Wapenda muziki huusifu kwa kuwa ndiko alikozaliwa mtunzi Robert Schumann mwaka 1810. Lakini wewe na jamaa yako mtavutiwa zaidi na Makumbusho ya August Horch, yaliyomo katika kiwanda cha zamani cha magari. Humo utaliona Trabant, gari dogo ambalo kwa zaidi ya miaka 30 lilikuwa tumaini la familia za Ujerumani Mashariki.

Nchi hiyo ya kisoshalisti, iliyodumu kutoka 1949 hadi 1990, si ngeni kwetu. Wataalamu wake walisaidia kujenga majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani huko Unguja.

Litazame gari lenyewe kwa makini. Gonga mlango wake, nawe hutasikia mlio wa bati. Chuma chembamba cha kuundia bodi kilikuwa adimu, kwa hiyo mafundi wa Zwickau walichukua mabaki ya pamba kutoka Umoja wa Kisovyeti, wakayachanganya na utomvu wa viwandani, kisha wakayakandamiza kwa moto hadi yakawa magumu. Msomaji wa Mwanza au Shinyanga, anayeijua pamba shambani, atastaajabu kuiona imekuwa gari! Bodi hiyo haikushika kutu.

Injini nayo ilikuwa ya mipigo miwili, yenye nguvu ya farasi 26 tu katika aina ya 601 iliyoanza kuundwa mwaka 1964. Oili ilichanganywa na petroli, na moshi wake wa buluu ulijulikana kila mtaa. Tangi lilikuwa chini ya boneti, na kwa miaka mingi dereva alipima petroli kwa kijiti. Hata hivyo, kwa kuwa injini ilikuwa na vyuma vichache, baba au mama aliweza kuitengeneza mwenyewe. Wakati wa likizo familia ilipakia mizigo, pengine na hema juu ya paa, ikaenda pwani ya Baltiki au ziwa Balaton huko Hungaria.

Taabu kubwa ilikuwa kulipata. Mfanyakazi alijiandikisha, kisha akasubiri zaidi ya miaka 10. Wazazi wengine waliwaandikisha watoto wao mapema ili zamu iwafikie wakiwa watu wazima. Basi gari kuukuu, kwa kuwa lilipatikana papo hapo, liliweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko jipya. Mwenye ndugu Ujerumani Magharibi aliweza kununuliwa gari kwa fedha za kigeni bila kungoja. Nao viongozi wa juu walipanda Volvo na Citroën zilizoagizwa kutoka nje.

Je, wafanyakazi wa Zwickau walikuwa wavivu? La hasha. Waliunda zaidi ya magari milioni 3 kwa mitambo iliyochakaa. Wahandisi wao walibuni magari ya kisasa zaidi, mojawapo likiwa P 603, lakini mwaka 1968 wakuu waliamuru kazi hiyo isimamishwe. Walioamua hawakuwa na haja ya kungoja gari; na waliongoja hawakuulizwa.

Mpaka wa Berlin ulipofunguliwa usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, Trabant nyingi zilivuka kwenda magharibi kwa shangwe. Punde baadaye soko lilijaa magari mengine, na foleni ya miaka mingi ikatoweka. Trabant la mwisho lilitoka kiwandani tarehe 30 Aprili 1991, na maelfu ya wafanyakazi wakabaki wakihangaikia ajira.

Mji haukufa. Mwaka 2019 kiwanda cha Volkswagen kilichopo Zwickau kilianza kuunda magari ya umeme. Nawe ndugu msomaji, utakapolitazama Trabant, usilicheke. Liliwabeba watu wengi kwa uaminifu. Lakini wakumbushe watoto kwamba usawa hupimwa pia kwa foleni: nani amesimama humo, na nani amepita pembeni.