Leso ya Nyanya

Tulipogawana vitu vya marehemu nyanya, binamu zangu waliangalia sufuria na redio. Mimi nilichukua leso yake ya mwisho, kabla haijafuliwa, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa na moshi wa kuni, mafuta ya nazi, na yeye mwenyewe. Wiki tatu baadaye korona ikanipata. Homa iliisha haraka. Pua ikazima kama stima.

Aki niliogopa. Chakula kisicho na ladha ningevumilia. Lakini harufu ya kitambaa huisha, na mimi niko hapa siwezi kuinusa.

Nikaanza kusoma. Kumbe neva za kunusa hazianzii kwenye ubongo. Mtoto akiwa bado tumboni, kipande kidogo cha ngozi usoni hunenepa, kikazaa seli za kunusa. Kila seli hurefusha uzi wake, ukapenya vitundu vya mfupa ulio juu ya pua mpaka ubongoni. Tuna aina kama 400 za vipokezi vya harufu, na kila seli hushika aina moja tu. (Linda Buck na Richard Axel walioziona jeni zake mwaka 1991 walipewa Nobel 2004.) Sasa hapa ndipo nilipoacha chai ikapoa: seli zenye kipokezi kimoja zimetawanyika puani, ila nyuzi zao huenda kukutana mahali pamoja. Ni kama watu wa kijiji kimoja kuingia Nairobi siku tofauti na wote wakajikuta ploti moja.

Na kazi hiyo haiishi ukishazaliwa. Seli hizi hufa na nyingine kuzaliwa maisha yote, nyuzi mpya zikitafuta njia ya zile za zamani. Hilo lilinipa moyo. Lakini pua yangu iliporudi, baada ya miezi mitano, vitunguu vikikaangwa vilinuka raba iliyoungua. Inadhaniwa nyuzi zingine hupotea njia. Wangu walishukia steji isiyo yao.

Nikashauriwa kufanya mazoezi: limau, karafuu, mikaratusi, asubuhi na jioni. Leso siigusi, maana kila ukifungua, kidogo kinatoroka.

Mwezi jana nilishindwa. Nikafungua. Raba. Nikampa mama, naye akaizika uso humo, akanyamaza kwa muda.

"Bado yuko," akasema. "Lakini kwa mbali. Funga haraka."

Nikafunga. Kesho yake nikaanza tena na limau.