Nyigu wa mihogo Hombolo

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Morogoro, unakata kushoto Ihumwa na kuelekea Hombolo. Mwezi Septemba nchi yote hii ni vumbi. Mibuyu haina jani, mabua ya mtama yameshaliwa na ng'ombe hadi kwenye visiki. Kilichobaki kijani mashambani ni mihogo, na kwa Wagogo hilo si jambo dogo: mwaka ambao uwele umekataa, muhogo bado uko ardhini.

Mama mwenye shamba aliitikia shikamoo yangu, akanipeleka moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho. "Njoo uone haya, mwanangu. Yamejikunja."

Ncha za mihogo zilikuwa zimefumba kama ngumi, pingili fupi, shina limepinda. Chini ya majani kulikuwa na unga mweupe wa wadudu waitwao vidung'ata. Kila kidung'ata wa muhogo ni jike, na hutaga mamia ya mayai pasipo dume. Mvua kubwa huwaosha, lakini hapa mvua huisha Aprili au Mei na isirudi hadi Desemba. Wanajiachia.

Nilitoa kioo cha kukuzia. Katikati ya weupe ule mlikuwa na vidung'ata waliovimba, wagumu, wa rangi ya kahawia. Wengine walikuwa na tundu la duara, limekatwa vizuri ajabu. Hao walikuwa wamekufa, na aliyewaua alitokea kwenye tundu hilo. Hatukusubiri sana kumwona: nyigu mweusi asiyefika milimita mbili, anatembea juu ya jani akiwagonga vidung'ata kwa vipapasio mmoja mmoja. Akampata anayemfaa, akageuka, akamchoma kwa mkia. Yai limeingia. Buu litamla mwenyeji wake kutoka ndani, na baada ya wiki mbili tatu nyigu mwingine atatoka.

"Huyu hang'ati watu?" mama aliuliza. Hang'ati. Hana haja na kitu kingine chochote shambani.

Anaitwa Anagyrus lopezi, na asili yake ni Amerika Kusini, kama muhogo wenyewe. Kidung'ata alionekana Kongo mwaka 1973 bila adui aliyemfuata, akasambaa akila mihogo ya bara zima. Mwaka 1981 alipatikana kwao Paraguay, na nyigu wake pamoja naye. Nyigu walipitishwa karantini Uingereza, kisha mwaka huohuo wakaachiwa Ibadan, Nigeria, chini ya mradi wa Mswisi Hans Herren, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Kidung'ata alipoingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1980, nyigu waliletwa nyuma yake, na Kibaha pakawa makao ya kazi hiyo. Mkulima hakulipa hata senti. Sijui jambo lingine la kilimo katika Afrika ninaloliheshimu zaidi ya hili.

Lakini mbona mstari wa mwisho umeumia hivi, na ile iliyo karibu na zizi imenawiri? Mama aliona jibu kabla yangu. Chini ya zizi udongo ni mweusi kwa samadi. Huku mwisho ni mchanga mtupu. Muhogo wenye njaa hulea vidung'ata wadogo, na nyigu akikuta kidung'ata mdogo hutaga humo yai la dume. Madume hayatagi. Kwa hiyo kwenye udongo uliochoka nyigu wapo, ila jeshi lao halikui. Samadi na matandazo huurudishia udongo nguvu, na Ugogoni samadi ipo tele, imelundikana zizini mwaka hadi mwaka.

Nilimwonyesha pia sisimizi waliokuwa wakipanda shina. Wanafuata utamu anaoutoa kidung'ata, na humfukuza nyigu ili wasinyang'anywe.

Kijana wake alikuja na bomba la kupulizia dawa begani. Alikuwa ametoka kwenye nyanya za jirani. Alitaka kumalizia kwenye mihogo. Nilimsihi asifanye hivyo, kwa maana dawa humuua nyigu kwanza, na kidung'ata aliyejificha kwenye ncha iliyofumba akabaki. Alimtazama mama yake.

"Weka chini," mama akasema. "Kalete toroli. Na mbegu ya mwaka huu tutakata kule karibu na zizi, huku usiguse."