Mkuku wa Chuma

Gari lilikaa chini ya mwembe miaka kumi na mmoja. Kuku walitaga ndani yake vizazi kwa vizazi, na mpapai ulichipua katika tundu la sakafu, pale pale ambapo mguu wa dereva hukanyaga klachi. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja mara mbili kutoka Wete na mizani yao. Mara zote mbili mwenye gari aliwakaribisha kahawa, akawasikiliza bei yao hadi mwisho, kisha akawaambia kwamba gari hilo haliuzwi kwa kilo.

Lilikuwa Land Rover ya mwaka 1967, ile ndefu, ambayo kati ya gurudumu la mbele na la nyuma mna inchi 109. Taa zake mbili zilikuwa bado zimesogeleana katikati ya wavu wa mbele, kama macho ya mtu anayetafuta kitu karibu na pua yake. Katika matoleo ya baadaye taa zilihamishiwa kwenye mabawa. Mzee mwenyewe alikuwa dereva wa idara moja ya serikali, na kwa miaka kumi na tisa aliliendesha gari hilo Pemba nzima, toka Mkoani hadi Konde, akipakia chanjo, wauguzi, magunia ya mbegu, na mara nyingine maiti. Idara ilipolitupa mnadani, yeye akalinunua kwa fedha za kiinua mgongo chake. Mkewe hakusema neno siku ile, na kutosema kwake kulichukua miaka.

Kisha zikaja fedha kutoka Maskati. Mwana wao wa kwanza alikuwa akifanya kazi huko katika ghala la vipuri vya mashine, naye alituma fedha za kununulia kigari cha mizigo cha Kijapani, kilichotumika lakini kizima, cha kupakia karafuu na abiria. Baba alizipokea, akashukuru, akamwombea dua. Miezi mitatu baadaye kivuli cha mwembe kilikuwa kitupu, na Land Rover lilikuwa gereji, limevuliwa bodi, limelala uchi juu ya magogo ya mnazi.

Fundi aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa mtoto wa fundi wa vyombo. Babaye aliunda mashua na majahazi. Yeye mwenyewe alishika tezo utotoni kabla hajashika spana. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa kumsikia akiita chesisi mkuku, na ile mikono ya chuma inayotoka ubavuni mwa chesisi kubeba bodi akiiita mataruma. Kwake gari lilikuwa chombo kingine tu kinacholiwa na chumvi.

Na chumvi ililila kweli. Hapa inafaa kukumbuka asili ya magari haya. Husimuliwa kwamba mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, aliyekuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales na akilitumia shambani Jeep la Kimarekani lililobaki vitani, alimchorea nduguye Spencer umbo la gari jipya kwenye mchanga wa ufukwe wa Red Wharf Bay. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa Amsterdam. Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma, nacho kikitolewa kwa mgao, basi bodi likafanywa kwa aloi ya alumini, na chuma kikabakizwa mahali penye kubeba uzito. Ulikuwa uamuzi wa dhiki, ukawa sifa. Magari ya ukoo huo yaliendelea kuundwa Solihull hadi tarehe 29 Januari 2016.

Aloi haishiki kutu kama chuma, na kwa hivyo watu wengi hudhani kwamba gari la namna hii halizeeki pwani. Wanajidanganya. Aloi na chuma vikigusana, na katikati yao pakaingia maji ya chumvi, huzaliwa umeme mdogo kama ule wa betri, na katika umeme huo aloi ndiyo inayoliwa. Fundi alipofungua bolti za mabawa, kingo zake zilimbaki vidoleni zimekuwa unga mweupe mithili ya unga wa muhogo. Chesisi nayo ni makasha marefu ya bati la chuma yaliyochomewa, matupu ndani, na kutu yake huanzia huko ndani ambako jicho halifiki, huku nje rangi ingali nzima. Fundi alipita nayo kwa nyundo ndogo, taratibu, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Palipolia palikuwa pazima. Palipofifia palikuwa pameoza, naye akapatia alama ya chokaa. Alipomaliza, nusu ya mkuku ilikuwa na chokaa.

Kazi ya kukata na kuchomea ilichukua muda mrefu kuliko yote iliyofuata. Vipande vilivyooza vilikatwa, bati jipya likakunjwa kwa nyundo juu ya pande la reli, likachomewa. Umeme ulipokatika watu wakakaa wakanywa chai, ulipogombana na mashine ya kuchomea wakakaa tena. Ukuta wa mbele, ule ulio kati ya injini na miguu ya dereva, nao ni wa chuma, ukapata viraka viwili pale ulipokuwa mpapai. Kila mahali aloi ilipokutana na chuma fundi alitia kipande cha mpira wa tairi kuukuu kuvitenganisha. Mwishowe akapasha moto oili chafu iliyochanganywa na grisi, akaimimina ndani ya mkuku kupitia matundu yake, akauinua mbele, akauinua nyuma, mpaka mafuta yakaufikia kila upande, kama vile babaye alivyopaka sifa mbao za mashua. Kilichotofautiana ni harufu tu. Mke wa mzee, alipopita kuleta chakula, alisema hata harufu haikutofautiana sana.

Vijana wa gereji walitaka makubwa zaidi. Walikuwa wameona picha za magari yaliyonyanyuliwa juu, matairi mapana, injini ngeni. Walishauri mzee anunue injini ya dizeli ya Toyota, kwani ile ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na kiu na haikuwa na haraka. Walishauri springi zinyanyuliwe kwa kurefushwa vishikizo vyake. Fundi aliyakataa yote mawili. Springi ukizinyanyua hivyo, alisema, ekseli ya mbele hujipinda kidogo, na usukani husahau kurudi wenyewe baada ya kona. Propela nazo hufanya kazi katika pembe ambazo hazikupimiwa. Ama injini, ile yenye nguvu zaidi haitaishia kwenye injini. Itashuka mpaka kwenye gia boksi, itapita, itashuka mpaka kwenye difu, itapita, na itafika kwenye zile ekseli nyembamba za nyuma ambazo hata kwa injini ya asili zilijulikana kukatika. Mzee aliyasikia maneno hayo yote. Hili lina maana kwa yaliyotokea baadaye.

Aliyoyakubali fundi yalikuwa machache, na yote yalihusu maji na tope, kwa sababu njia ya shamba la mzee hushuka kwenye bonde la mpunga kabla ya kupanda mkarafuuni. Alifunga mkonga, yaani bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele ili injini ivute hewa juu ya maji. Alifunga vipira vya pumzi kwenye ekseli zote mbili na kuvipandisha hadi usawa wa boneti. Ekseli iliyopata moto ikizamishwa ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo hunywea, na kama haina pa kuvutia pumzi itavuta maji kupitia sili zake. Siku ya pili oili hutoka nyeupe kama tui. Matairi yakawa yale membamba na marefu, 7.50-16, yanayokata tope hadi kufikia ardhi ngumu badala ya kuelea juu yake. Kulabu mbili mbele, mbili nyuma, zimefungwa kwenye mkuku wenyewe. Basi.

Mwana alikuja likizo mwanzoni mwa Novemba, vuli ikiwa imekwisha anza na karafuu zikiwa majamvini. Alilikuta gari uani, kijani, linang'aa. Alimwamkia babaye, akambusu mkono, akalizunguka gari mara moja, hakuuliza kitu. Usiku alimweleza mamaye jambo ambalo hakuwa amelisema kwa simu: kile kigari hakikuwa zawadi. Kilikuwa kianzio. Alikuwa amepiga hesabu ya vigari viwili, kimoja kizae kingine, na baada ya miaka mitatu arudi nyumbani moja kwa moja. Mama aliyabeba maneno hayo usiku kucha, na baada ya sala ya alfajiri akayatua mbele ya mumewe kama yalivyo.

Pengine ndiyo maana siku ile mzee alipakia kupita kiasi. Njia ilikuwa ya safari mbili. Yeye akataka moja. Magunia yakapangwa mpaka juu ya ubavu wa bodi, na juu yake wakaketi wachumaji watatu. Bondeni alipita vizuri, gia ndogo, kishikio chekundu kimevutwa nyuma, maji yakipiga kwenye milango. Ng'ambo alisimama akakirudisha kishikio mbele, kwani kipande cha kwanza cha kilima kilikuwa kikavu, nalo gari sasa likawa linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Akaanza kupanda.

Ulisikika mlio mmoja, kama kuni kavu ikivunjwa gotini. Injini ikanguruma bure, gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Mzee akavuta breki ya mkono, haikushika. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu, hushika propela ya nyuma, na ekseli ikikatika haina cha kushika. Alilijua hilo kwa miaka arubaini, na mkono wake ukalisahau. Mguu ndio uliokumbuka. Akakanyaga breki kwa uzito wake wote, na mwana alikuwa amekwisha ruka, amekwisha sukuma jiwe nyuma ya gurudumu, na jingine. Wachumaji walishuka kimya. Mmoja wao alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano.

Kwa muda hapana aliyesema. Kisha mwana akavua shati, akaomba spana. Utotoni alikuwa utingo wa babaye, na kazi hii alikuwa ameiona. Alifungua bolti sita za kitovu cha gurudumu, akaivuta ekseli nje bila ya kulitoa gurudumu lenyewe. Ikaja pungufu: ncha yake ilibaki ndani ya difu. Akaingia uvunguni, akafungua propela ya nyuma pande zote mbili, ili ncha ile isisagane na meno ya difu. Kisha akapanda, akakibonyeza kile kishikio cha manjano kinachotia magurudumu ya mbele, na magunia yote yakiwa yameshushwa na kufunikwa kwa turubai, akaligeuza gari, likavuka bonde na kurudi nyumbani likivutwa kwa mbele. Aliendesha yeye. Mzee alikaa upande wa abiria, pahala ambapo hakuwahi kukaa katika gari hilo, akiwa na ile ekseli iliyokatika mapajani, imemchafua kanzu.

"Uzito ulizidi," alisema mzee walipofika uani.

"Ulizidi, Baba," alijibu mwana.

Hawakulizungumza zaidi, na juu ya zile fedha hawakuzungumza kabisa. Karafuu zilibebwa kwa punda siku mbili. Wiki iliyofuata mwana alirudi Maskati.

Fundi aliinasa ile ncha baada ya siku nyingi, kwa waya na sumaku ya spika. Jioni ile ile simu ililia. Mwana alikuwa katika soko la vipuri vikuukuu, na muuzaji alikuwa amempa ekseli mbili, wala hakujua ipi ni ipi. Alitaka kujua idadi ya meno. Umeme ulikuwa umekatika. Mzee akaipapasa ile ncha gizani kwa kidole gumba, jino baada ya jino, akarudia tena tokea mwanzo.

"Kumi," alisema. "Nunua zote mbili, za kulia na kushoto. Na fedha nitakurejeshea, baada ya mavuno."

Upande wa pili palikuwa na kelele za soko. Kisha mwana akauliza kama mvua ingali inanyesha.