Likizo ya Uzazi na Desturi Zetu

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Sisi tuliolelewa Machochwe, Wilaya ya Serengeti, hatukulisikia neno hilo kama methali tu, tuliliona likitendeka. Mwanamke alipojifungua, jembe lake lilishikwa na mkono mwingine. Mama mkwe na wake wenza walimpikia uji wa wimbi, wasichana wa mji walimtekea maji na kumwokotea kuni, na majirani walimlimia shamba lake. Huko Pwani pumziko hilo lina jina lake: arobaini.

Hakuna aliyeyaita mambo hayo likizo yenye malipo. Hata hivyo malipo yalikuwapo, nayo yalitolewa na jamaa nzima kwa jasho lake, kwa kuamini kwamba mtoto ni wa wote.

Leo Serikali imeiandika hekima hiyo katika sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Arudipo kazini, huruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mwanawe. Baba hupewa angalau siku 3 katika siku 7 za mwanzo. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2025 yamemkumbuka hata aliyejifungua mtoto njiti. Hayo ni maendeleo ya kujivunia.

Lakini tujiulize: ni wangapi miongoni mwa mama zetu wa Machochwe wenye mwajiri? Mwalimu wa shule na muuguzi wa zahanati wanayo likizo. Mkulima wa mahindi na mihogo hana barua ya ajira, wala mvua haimngojei apone. Zamani alilindwa na jamaa. Siku hizi wasichana wamo shuleni, na ndivyo ipasavyo, na vijana wamekwenda mijini kutafuta riziki. Hivyo desturi imelegea kabla sheria haijamfikia.

Utamaduni si ngoma za siku ya sikukuu tu. Ni namna ya kutunzana. Serikali, ambayo kupitia TASAF imekwisha kuzifikishia kaya maskini ruzuku, inaweza kumfikia pia mzazi asiye na mshahara. Nasi vijijini tuna wajibu wetu: akina baba na tushike ndoo na mwiko kwa siku nyingi kuliko zile 3. Mkono wa Serikali ukikutana na mkono wa jamaa, mwana atalelewa.