Ugali Haumo Kwenye Orodha

Sheria ya kwanza ya mlo wa Paleo ni kwamba ugali haupo. Wala chapati, wala githeri, wala madondo, wala ndengu, wala wali. Maziwa hayapo, kwa hivyo chai ya maziwa haipo, na sukari ndiyo usiitaje kabisa. Njugu karanga ni jamii ya maharagwe, nazo nje. Korosho ruksa. Viazi vya kawaida vimepigwa marufuku na wale wakali zaidi, lakini viazi vitamu wengi wanaviruhusu. Unabaki na nyama, samaki, mayai, mboga na matunda.

Hoja yenyewe ni rahisi, na ndiyo maana inauza. Binadamu aliishi mamilioni ya miaka akiwinda na kuokota. Kilimo kimekuja juzi tu, kama miaka 10,000 hivi. Kwa hivyo, wanasema, mwili wako bado ni wa mwindaji, na nafaka unazoupa ni chakula cha mgeni. Daktari mmoja Mmarekani, Walter Voegtlin, aliandika kitabu juu ya mlo wa Enzi ya Mawe mwaka 1975. Boyd Eaton na Melvin Konner wakalipeleka wazo hilo kwenye jarida kubwa la udaktari mwaka 1985. Halafu mwaka 2002 Loren Cordain akatoa kitabu kilichoipa jina la Paleo umaarufu, na tangu hapo biashara haijalala.

Sasa chukua hizo sheria uzilete Iten.

Mimi ni mtu wa Kakamega, na tayari unajua utani wa ugali ambao watu wangu huvumilia nchi hii. Chuo kikuu niliacha mwaka wa pili, karo ilipokatika. Nilikuja Iten na laptopu moja na viatu pea mbili, kwa mpango ambao nikimweleza mama kwa simu ulikuwa unasikika vizuri kuliko ulivyokuwa: asubuhi nikimbie, mchana niandike makala za wateja wa ng'ambo, jioni nikimbie tena. Kazi ya kuandika ingelipa nyumba mpaka miguu ianze kulipa. Nilikodi chumba kwenye ploti yenye wakimbiaji wanane, na sufuria ilikuwa moja. Kila mtu anachanga: huyu unga, huyu sukuma, huyu mafuta, huyu maziwa. Tunapika kwa zamu. Ukikosa pesa wiki hiyo, unakula tu. Hakuna anayeuliza.

Ndipo ikaja oda. Mteja alitaka makala 12 kuhusu Paleo kwa wakimbiaji wa mbio ndefu, jina langu lisionekane popote, malipo kila nikimaliza makala tatu. Ilikuwa pesa nzuri, kodi ya miezi minne. Nilikuwa nimeandika tayari kuhusu vifaa vya kuteleza kwenye theluji ambayo sijawahi kuiona, na sikutaka tena kuandika kitu cha kusikia, hasa hiki ambacho ningeweza kukijaribu kwa mdomo wangu. Nikajipa wiki sita. Wiki mbili baada ya hizo sita, kocha angetuchuja kwa kilomita 10 na kuchagua sita wa kuingia kambi moja yenye chakula na malazi. Nilihesabu siku. Zilitosha.

Jambo la kwanza ulilobaini mwindaji wa kisasa ni kwamba swala hauzwi kioski. Wakati huo pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa inacheza kati ya mia moja na hamsini na mia mbili. Kilo ya nyama ya ng'ombe ilikuwa kama mia sita. Ile pakiti ya unga ilishibisha wakimbiaji kadhaa. Ile kilo ya nyama niliimaliza peke yangu kwa siku mbili na bado nikaenda kulala nikiwaza. Mkombozi wangu alikuwa mama mboga. Viazi vitamu, nduma, ndizi, parachichi, managu, terere. Mayai nikanunua trei. Omena nikaagiza kutoka nyumbani, zikanukisha ploti nzima. Mama mboga alinitazama wiki ya pili akauliza, "Kijana, uko na sukari?" Alidhani nina kisukari. Kwake hakukuwa na sababu nyingine ya mkimbiaji kukimbia unga.

Mwili ulijibu kwa awamu. Wiki mbili za kwanza niliamka mwepesi. Kilo mbili zilitoka. Tumbo lilitulia, ile hali ya kufura baada ya chakula cha mchana ikapotea, na mbio za polepole za alfajiri zilikwenda sawa kabisa. Nikamwandikia mteja makala tatu za furaha, na kila neno lilikuwa kweli.

Lakini Iten ina Alhamisi. Alhamisi ni fatleki: kundi kubwa barabara ya vumbi, dakika moja kasi, dakika moja pole, na hivyo hivyo mpaka mlima umalize maneno yako. Alhamisi ya tatu nilikuwa sawa hadi katikati, kisha nikahisi kama mtu amezima swichi. Sikuwa naumwa, wala sikuwa na kiu. Miguu ilikuwa inasikia amri na kukataa. Alhamisi ya nne, hivyo hivyo. Ya tano nilipitwa na mzungu wa kikundi cha watalii, na wenzangu walilihifadhi hilo kwa matumizi ya baadaye.

Kuna maelezo, na si ya uchawi. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na kwenye ini kwa umbo linaloitwa glaikojeni. Akiba hiyo ni ndogo; kwa mbio za nguvu inaisha ndani ya saa moja na nusu au mbili, na kama hukuijaza jana, leo unaanza na tangi nusu. Mafuta tunayo tele, hata aliyekonda. Shida ni kwamba kuchoma mafuta kunadai oksijeni zaidi kwa kiasi kile kile cha nguvu. Ukitembea au ukikimbia pole, hewa inatosha, husikii tofauti. Ukiongeza kasi, oksijeni ndiyo inakuwa bei. Na Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo oksijeni ndicho kitu adimu. Nilikuwa nimechagua mafuta ya gari yanayokula hewa nyingi, halafu nikaja kuliendesha pasipo na hewa.

Wapo waliopima hili kwa vyombo. Louise Burke na wenzake huko Australia waliwachukua wanariadha wa kutembea kwa kasi, wengine wakala wanga mwingi, wengine mafuta mengi na wanga kidogo sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kundi la mafuta lilijifunza kweli kuchoma mafuta, ila lilitumia oksijeni zaidi kwa mwendo ule ule, na mashindanoni halikuboreka kama wenzao. Mlo wao ulikuwa mkali kuliko wangu, kwa sababu Paleo inakuachia viazi vitamu na ndizi. Lakini jaribu kupata kwa nduma na ndizi wanga wote ambao mkimbiaji wa mara mbili kwa siku anauhitaji. Taya zinachoka kabla ya miguu.

Cordain mwenyewe alilijua hilo. Mwaka 2005 alitoa kitabu cha Paleo kwa wanariadha pamoja na kocha Joe Friel, na humo wanaruhusu wanga kabla ya mazoezi, wakati wa mazoezi na muda baada ya mazoezi, hata ule ambao toleo la kwanza linaukataza. Siku iliyobaki ndiyo unarudi kwa nyama na mboga. Mkimbiaji wa Iten anaamka saa kumi na moja, anakimbia, anakula, analala, anakimbia tena. Ukiondoa kabla, wakati na baada, siku iliyobaki ni usingizi.

Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti wa walichokula wakimbiaji 10 wa juu wa Kenya kwa siku saba. Asilimia 76.5 ya nguvu yao ilitoka kwa wanga. Ugali, wali, mkate, viazi, maharagwe, na sukari ya chai ambayo ungeionea huruma. Niliweka utafiti huo kwenye makala ya saba. Niliweka pia kwamba wanga wenyewe si wa mababu kama tunavyojidai. Mahindi yametoka Amerika, na kabla yake huku kwetu palikuwa na wimbi na mtama. Na niliweka pango la Ngalue, Msumbiji, ambako Julio Mercader alikuta mabaki ya wanga wa mtama kwenye zana za mawe za zaidi ya miaka 100,000. Yaani huyo mtu wa kale tunayeambiwa hakugusa nafaka, hapa Afrika alikuwa tayari anaichokonoa. Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao bado wengine wao wanaishi kwa kuwinda na kuokota, wanakula mizizi, mabuyu na asali kwa raha zao. Na hata hoja kwamba miili haijabadilika tangu jembe lije ina shimo: mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki walipata uwezo wa kumeng'enya maziwa ukubwani ndani ya miaka 7,000 iliyopita. Mursik inayomlaki bingwa uwanja wa ndege ni mageuzi ndani ya kibuyu.

Mteja alisoma makala ya saba na kuirudisha na maelekezo mawili. Ondoa utafiti wa ugali. Weka sentensi kwamba wakimbiaji wa Kenya hushinda kwa sababu wanakula kama mababu zao wawindaji.

Hapo niliketi kitandani na ile laptopu magotini kwa muda mrefu. Nje wenzangu walikuwa wanapika. Mmoja anasonga, mwiko unagonga sufuria, mwingine anachambua sukuma. Sentensi niliyoombwa ilikuwa na maneno machache tu, na ilikuwa na thamani ya kodi. Wakati huo nilikuwa wiki ya tano, na kilichoniuma zaidi hakikuwa njaa. Ni kwamba nilikuwa nakula peke yangu. Hakuna aliyenitenga, walinipa hata kiti. Ila pale ugali unapomegwa kwa mkono kutoka sinia moja, mwenye sahani yake ni mgeni. Zamu yangu ya kupika nilipika nisichokula. Jioni moja kocha alipita, akaona sahani yangu ya mayai na parachichi, akasema, "Hicho ni chakula cha mtu anayetaka kupungua. Wewe umebakisha nini cha kupungua?"

Nilimjibu mteja kwamba sentensi hiyo si kweli na sitaiandika. Nikapendekeza nyingine. Hakujibu. Makala ya saba, na ya nane na ya tisa zilizokuwa zimekamilika, hazikulipwa. Niliandika barua pepe tatu, kisha nikaacha. Mwezi huo kodi yangu ilichangwa na sufuria, kama unga.

Wiki sita ziliisha nilivyopanga. Siku iliyofuata nilikula ugali na managu na maziwa, na ploti ilipiga makofi kama nimetoka jela. Ndani ya siku kumi Alhamisi ilirudi kuwa Alhamisi ya kawaida, yaani mateso, lakini mateso yenye miguu. Kwenye mchujo nilimaliza wa tisa. Walichukua sita. Sidai ni mayai yaliyoninyima nafasi. Walionitangulia nawajua, na ni wazuri kuniliko. Niko bado hapa, na mchujo mwingine upo.

Kuna vitu vya Paleo nimebaki navyo. Viazi vitamu na nduma asubuhi badala ya mkate mweupe. Mboga za kienyeji kwa wingi. Soda nimeiaga. Na mama, ambaye kweli ana kisukari, tulipozungumza nilimsomea orodha nzima. Akacheka. "Baba, hayo ya kupunguza unga na sukari daktari aliniambia kitambo. Lakini mimi nashinda nimekaa dukani. Wewe unakimbia na kurudi siku nzima. Tutakulaje sawa?"

Kati ya vyote nilivyosoma kwa wiki sita, sikukuta swali zuri kuliko hilo. Mlo wa mtu anayeketi ofisini Chicago akitaka kupunguza tumbo unaweza kumfaa sana, na simkatazi. Ila kijana anayekuja Iten na viatu pea moja akiniuliza ale nini, namwambia ale kinachopikwa, ale mapema baada ya mbio, na achange unga Jumatatu.