Matuta ya Ufipa
Kila nishukapo kutoka Sumbawanga kwenda Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, nyuma yangu hubaki uwanda wa Ufipa, wenye nyasi nyingi na miti michache. Huko juu, kabla ya mbolea ya viwandani, wakulima walizifukia nyasi katika matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Zikaoza, udongo ukapata rutuba, ulezi ukastawi. Nilisoma hadi shahada ya uzamivu bila kuyasikia hayo darasani. Leo wajukuu wao husubiri mbolea ya ruzuku ifike, kisha humsubiri mnunuzi awatajie bei ya mahindi. Ndugu msomaji, utumwapo kijijini kuelimisha, tangulia kuuliza. Aliyeilisha Ufipa kabla yetu anastahili kiti cha mwalimu.